Tathmini ya mkandarasi aliyeifungua nyumba yetu ya mwaka 1959 huko Garland, Texas

Nyumba yetu iko Garland, mji uliopakana na Dallas upande wa kaskazini-mashariki, na ilijengwa mwaka 1959. Ni nyumba ya aina ya ranchi, yaani nyumba ndefu isiyo na ghorofa, yenye paa la mwinuko mdogo, matofali mekundu kwa nje, gereji iliyoungana nayo na dirisha moja kubwa linalotazama barabarani. Mwezi wa Agosti mwaka jana tulimpa kazi mkandarasi wa eneo hili abomoe kuta zilizotenganisha jiko, chumba cha kulia na sebule, avifanye vyote ukumbi mmoja ulio wazi mpaka uani, na abadilishe nyaya za umeme, mabomba na mifereji ya hewa iliyokuwa imechakaa. Tumekwisha kukaa humo miezi 10, na nimeona niiandike tathmini hii kwa ajili ya Waswahili wenzangu walioko huku, maana wengi wetu tunanunua nyumba za umri huo kwa sababu bei yake hufikika na viwanja vyake ni vipana. Kampuni yenyewe sitaitaja kwa jina, kwa kuwa dhamana yetu ya mwaka mmoja haijakwisha na sipendi mambo yaliyo mezani kati yetu yageuzwe kuwa mashtaka ya hadharani. Ninachotaka msomaji akipate ni namna ya kuipima kazi ya namna hii, popote alipo na kwa fundi yeyote.

Yafaa kwanza kujua nyumba hizi zilikotoka, kwa sababu makosa mengi ya ukarabati huanzia hapo. Mtu anayetajwa sana kwa kuzianzisha ni Cliff May, aliyejenga za kwanza huko San Diego katika miaka ya 1930 kwa kufuata nyumba za zamani za wafugaji wa California, zilizokuwa na vyumba vya kuandamana na veranda ya kutazama ua. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mikopo iliyotokana na sheria ya mwaka 1944 ya kuwasaidia askari waliorudi vitani, pamoja na ile iliyodhaminiwa na serikali kuu, iliwawezesha wajenzi kuzijenga kwa mitaa mizima, na kufikia miaka ya 1950 ndizo zilizokuwa nyumba zilizopendwa kuliko zote nchini Marekani. Watu wa rangi yetu hawakukaribishwa katika sehemu kubwa ya mitaa hiyo. Sheria ya taifa iliyokataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba ilipitishwa mwaka 1968, miaka tisa baada ya nyumba yetu kukamilika. Huwa ninalikumbuka jambo hilo ninapoitazama mihuri ya kiwanda iliyobaki kwenye mbao za darini.

Zilipojengwa kwa wingi na kwa gharama ndogo, ule uhusiano wa vyumba na ua ulipunguzwa. Jiko letu lilikuwa na upana wa futi 9 na urefu wa futi 11, likiwa limezungukwa na kuta pande tatu, na mwanga wake ulitoka kwenye dirisha dogo la juu ya sinki. Kutoka sebuleni usingeweza kujua kama nyuma kuna mti mkubwa wa pekani, aina ya mti wa kokwa za kuliwa, unaotia kivuli ua mzima. Kwa hiyo tulipoamua kubomoa, nia yetu haikuwa kufuata fasheni ya picha za magazeti, bali kuirudishia nyumba ule uwazi ambao ndio uliokuwa asili yake.

Sasa niingie katika kazi ya mkandarasi, na nianze na jambo lililotufanya tumchague. Wakandarasi wawili tuliowaita kabla yake walitupa bei siku hiyo hiyo, wakiwa wamesimama sebuleni na simu mkononi. Huyu alikataa. Alikuja na fundi mwenye kifaa cha kupimia usawa wa sakafu, wakazunguka kila chumba wakiandika namba kwenye mchoro wa nyumba, kisha wakatuonyesha kwamba pembe ya kusini-magharibi ilikuwa imeshuka kwa inchi moja na nusu kuliko pembe ya jiko. Alitueleza kwamba milango miwili ya vyumba vya kulala iliyokuwa haifungi, na ule ufa uliokwenda kwa ngazi kwenye matofali ya nje, vyote vilikuwa ugonjwa mmoja.

Udongo wa sehemu hii ya Texas ni mfinyanzi mweusi ambao huvimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Aliyekulia karibu na mbuga za udongo mweusi huko kwetu anaufahamu vizuri, kwa kuwa wa namna hiyo ndio unaopasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi na kunasa magari wakati wa masika. Nyumba nyingi za hapa za miaka ya mwisho ya 1950 zimekaa juu ya bamba la zege lililomwagwa moja kwa moja juu ya udongo huo. Mkandarasi alisema wazi kwamba hatafungua ukuta wala kuagiza mlango wa kioo wa futi 12 mpaka msingi utengenezwe na kampuni nyingine inayoshughulika na misingi tu, ingawa fedha hiyo isingeingia mfukoni mwake na kazi yake ingesogea mbele kwa miezi miwili. Tulifuata ushauri huo, zikashindiliwa nguzo 14 za chuma chini ya ukingo wa nyumba, na milango ile miwili ikaanza kufungwa kwa kidole kimoja kabla hata ya nyundo ya kwanza kugonga ukuta. Katika mambo yote aliyotufanyia, hili ninalipa alama ya juu kabisa.

Kwa nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka 1978, anayelipwa kubomoa au kukwangua rangi anatakiwa awe na cheti cha Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani kuhusu rangi yenye madini ya risasi, na kanuni hiyo imekuwa ikitumika tangu Aprili 2010. Mkandarasi alituonyesha cheti bila kuombwa. Vilevile alichukua sampuli za dari ya chengachenga na za sakafu akazipeleka maabara. Dari ilikuwa salama, lakini chini ya zulia kulikuwa na vigae vya inchi 9 kwa 9 vilivyogandishwa kwa gundi nyeusi, na vyote viwili, vigae na gundi, vilikuwa na asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Vigae vya aina hiyo vikiwa vizima havina madhara makubwa, na mtu anaweza kuvifunika kwa sakafu mpya na kuishi salama, ila sisi tulikuwa tunakwenda kukata zege mahali hapo hapo, kwa hiyo viliondolewa na watu wenye leseni ya kazi hiyo kwa dola 4,200. Fedha hiyo ilikuwa nje ya mkataba, nami siilalamikii, kwa sababu tulielezwa mapema kwamba majibu ya maabara yangeweza kuja hivyo.

Sasa ukuta wenyewe. Katika nyumba hizi, ambazo kiunzi chake ni cha mbao na matofali ni ya kufunika nje tu, si kila ukuta unabeba. Kuta za nje hubeba, na mara nyingi ukuta mmoja wa kati unaokwenda sambamba na mgongo wa paa hubeba pia, kwa kuwa mbao za dari za upande wa mbele na za upande wa nyuma hukutania juu yake. Kwetu kulikuwa na jambo la ziada, nalo ni kwamba makombamoyo ya paa yalikuwa yameegemezwa kwa miti mifupi iliyoshuka darini na kukanyaga ukuta huo huo, hata ukawa unabeba dari na sehemu ya paa kwa pamoja. Mhandisi wa miundo alipanda juu na taa ya kichwani, akakaa huko karibu saa nzima, na mchoro wake wenye muhuri ndio uliopelekwa katika ofisi ya mji kuombea kibali. Mmoja wa wale wakandarasi wa kwanza alikuwa ametuambia kwamba ukuta huo haubebi kitu na kwamba kibali ni kupoteza muda. Nikilikumbuka neno hilo hushukuru kwamba hatukumpa kazi.

Mhandisi aliagiza boriti ya mbao za tabaka zilizogandishwa kwa gundi, vipande vitatu vya kubanwa pamoja, kila kimoja kikiwa na kimo cha inchi 16 na unene wa inchi 1.75, ili kuvuka uwazi wa futi 17. Hapa palikuwa na uamuzi uliobadilisha sura ya nyumba yote. Dari za ranchi huwa na kimo cha futi 8 tu, na boriti ya inchi 16 ikining'inia chini ya dari ingeacha futi 6 na inchi 8, yaani kila anayepita angeinamisha kichwa hata kama hakigusi, na ukumbi ungebaki umegawanyika machoni ingawa ukuta haupo. Mkandarasi alishauri boriti ikae juu ya mbao za dari badala ya chini yake, kisha kila ubao uning'inizwe kwenye boriti kwa mkanda wa chuma. Kazi ya namna hiyo ni ngumu zaidi, kwa kuwa vipande virefu vya boriti lazima vifikishwe darini, mahali ambapo mtu mzima hawezi kusimama wima.

Niliomba ruhusa kazini siku hiyo ili nione kwa macho yangu. Walikuwa wamekwisha kujenga kuta mbili za muda, moja kila upande wa ukuta wa zamani, zilizoshikilia dari kwa nguzo za mbao zilizokazwa kwa kabari. Tundu la hewa la ubavuni mwa paa lilikuwa limepanuliwa, na mafundi wanne walikiinua kila kipande kwa mabega, wakakipitisha taratibu, huku mmoja akiwa ndani amelala kifudifudi juu ya ubao na kukivuta kwa kamba. Kabla ya ukuta kuondolewa, fundi mkuu, mtu wa makamo mzaliwa wa Mexico ambaye hakupenda maneno mengi, alipigilia misumari miwili darini na kukaza uzi mweupe kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, akapima nafasi kati ya uzi na dari mahali pa katikati, na kuiandika kwa penseli kwenye ukuta. Ukuta ulipoondoka na kuta za muda kuteremshwa, alirudi kwenye uzi ule ule akapima tena. Dari ilikuwa imeshuka kwa kiasi kisichofika moja ya nane ya inchi. Alinionyesha namba zote mbili kwa kidole, akaondoa uzi, akaukunja na kuutia mfukoni.

Uzito uliokuwa umetawanyika katika ukuta mzima sasa unashuka kwenye nguzo mbili tu, na bamba la zege la inchi 4 halikukusudiwa kwa mzigo wa namna hiyo. Kwa hiyo chini ya kila nguzo walikata mraba wa inchi 30, wakachimba, wakasuka nondo na kumwaga msingi mpya, na mkaguzi wa mji alikuja kabla zege halijamwagwa na akaja tena kabla dari haijafungwa. Ninawasihi wanaofikiria kazi hii waulize swali hilo moja: nguzo za boriti zinakanyaga nini? Mkandarasi akisita kujibu, msiendelee naye.

Katika kukata zege hilo ndipo lilipoanza lalamiko langu la kwanza. Bomba la chuma la maji taka lililopita chini ya jiko lilikuwa limeliwa na kutu mpaka sehemu ya chini ikabaki tundu refu, na kulibadilisha kulitugharimu dola 6,850 ambazo hatukuwa tumeziweka akiba. Mabomba ya chuma ya mwaka 1959 yaliyozikwa katika udongo unaovimba na kusinyaa yanajulikana kwa kila fundi wa Dallas kwamba yana matatizo, na kupitisha kamera ndani yake kabla ya kutia saini mkataba ni kazi ya asubuhi moja na gharama yake ni ndogo. Aliyepima sakafu kwa uangalifu wote ule alipaswa kutazama na kilichokuwa chini yake. Nilimwambia hivyo, naye alikubali kwamba kwa wateja waliofuata ameifanya kamera kuwa sehemu ya ukaguzi wa mwanzo, lakini gharama tulibeba sisi.

Umeme ulifanywa vizuri na sina mengi ya kusema. Soketi zetu nyingi zilikuwa za matundu mawili zisizo na waya wa ardhi, na bodi ya ampea 100 iliyokuwa gerejini ilibadilishwa ikawa ya ampea 200. Mabomba mapya ya maji safi yalipitishwa darini, nami nilisisitiza yafunikwe vizuri kwa sababu waliokuwa hapa Februari 2021 hawajasahau jinsi baridi ile ilivyopasua mabomba ya darini katika nyumba nyingi za Texas. Yalifunikwa, na juu yake ikapulizwa sufi ya kuzuia joto ya kina cha zaidi ya futi moja. Makabati, kaunta na sakafu ni vya kawaida na vimekaa sawa.

Lalamiko la pili ni la dari. Ukuta ukiondolewa huacha pengo refu darini, nalo huzibwa kwa ubao wa jipsamu na plasta. Mchana hakikuonekana kitu. Lakini mlango wetu mpya wa kioo unatazama magharibi, na jua linapokaribia kutua mwanga wake huingia ukiwa umelala, ukasugua dari yote, na ule mshono ukajitokeza kama kovu kutoka mwisho hadi mwisho, pamoja na alama za mwiko nilizoweza kuzihesabu. Walikuja wakapiga msasa na kupaka rangi, mshono ukarudi. Wakaja tena, ukarudi. Mara ya tatu mkandarasi mwenyewe alikuja saa kumi na mbili jioni, akakaa nami kimya akitazama juu mpaka jua likazama, na kesho yake akaagiza dari nzima ya ukumbi ipakwe plasta upya kwa gharama yake. Sasa iko safi. Ningependa angeuona mwanga huo kabla ya kuombwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuchora mlango, lakini namna alivyolimaliza jambo lile ilikuwa ya mtu anayejali kazi yake.

Kilichonipa uchungu zaidi ni jiko, na hapa naomba nikae kidogo. Mchoro wa mkandarasi uliweka jiko la gesi kwenye kaunta ya katikati, likitazama sebule, na juu yake chombo cha kuchuja moshi kwa makaa kisha kuirudisha hewa ile ile chumbani. Nilimweleza kwamba katika nyumba yetu tunakaanga samaki, tunakaanga vitunguu vya pilau mpaka viive rangi ya kahawia, na tunapopata wageni hatuwapati wawili. Alinisikiliza kwa adabu na kusema wateja wake wote wanakitumia chombo hicho na hawajalalamika. Nami nikakubali, kwa sababu picha zilikuwa nzuri.

Mama yangu alikuja kutoka Tanga mwezi wa Februari, na Ramadhani ikaingia akiwa kwetu. Siku ya kwanza aliposimama penye kaunta ile na kuona sebule nzima mbele yake mpaka mlango wa mbele, aliniuliza, "Mwanangu, wageni wakija watanikuta hapa natoa magamba ya samaki?" Nikamwambia, "Mama, ndiyo mtindo wa huku, mpishi anakaa na watu." Hakubishana. Lakini baada ya siku nne za sambusa, bajia na samaki wa kukaanga, mapazia ya vyumba vya kulala yalinuka mafuta, nguo za kazini zilinuka, na sehemu ya juu ya makabati ukipitisha kidole kilirudi na utelezi. Ule ukuta wa jiko niliokuwa nikiuona kama gereza ulikuwa unafanya kazi kila siku kwa miaka zaidi ya 60, ukizuia moshi, harufu, kelele na macho ya watu, na hakuna aliyeniuliza nani atazichukua kazi hizo ukiondoka.

Tulimwita mkandarasi, na safari hii alikaa mezani na mama, akamsikiliza kupitia tafsiri yangu. Mambo mawili yalifanyika. Kwanza, kile chombo kiliondolewa na kuwekwa feni ya kuvuta moshi yenye bomba la inchi 8 linalotoka juu ya paa, kwa dola 3,100. Feni yenye nguvu nyingi si jambo la kununua tu dukani na kufunga, kwa kuwa katika nyumba iliyozibwa vizuri inaweza kuivuta ndani hewa yenye sumu kutoka kwenye hita ya maji ya gesi. Fundi wa mifereji ya hewa alilazimika kuongeza njia ya kuingizia hewa mbadala kutoka nje na kufanya kipimo mbele yetu. Pili, chumba cha kufulia kilichokuwa nyuma ya gereji, chenye mlango wa kutokea uani, kiligeuzwa kuwa jiko la nyuma, lenye sinki, jiko dogo la gesi, feni yake na dirisha, kwa dola 5,400, na mashine za kufulia zikahamia gerejini. Huko ndiko kunakokaangwa na kusafishwa samaki. Kaunta ya ukumbini imebaki ya chai, saladi, kazi za shule za watoto na mazungumzo. Nyumba ya Kiswahili imekuwa ikitenganisha ukumbi na uani tangu zamani, na sidhani kama kuna mpango wa wazi utakaotufaa usioikumbuka tofauti hiyo.

Kitu kimoja tulikiokoa mapema. Mchoro wa kwanza ulifuta hata kile kijiukuta kifupi cha penye mlango wa mbele, hata mtu akibisha na kufunguliwa angeona moja kwa moja mpaka kwenye sinki. Mume wangu alikataa, akamweleza habari ya daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, katika nyumba za kale za Lamu, jinsi njia ya kuingilia inavyopinda ili mpita njia asione ndani, na mkandarasi akakiacha na kukivika mbao za kusimama zenye nafasi ndogo kati yake. Wageni wengi hukitaja kwanza wakisifu nyumba.

Joto nalo lilitupa shida. Mdomo wa kurudishia hewa kwenye kiyoyozi ulikuwa kwenye ukuta uliobomolewa, ukahamishiwa koridoni bila hesabu mpya kufanywa, na mwezi wa Julai, wakati nje kumepita nyuzi 38, vyumba vya kulala vilikuwa na joto huku ukumbi ukitia baridi. Lilirekebishwa chini ya dhamana kwa kuongeza mifereji miwili. Kelele hazina tiba kamili: mashine ya kuosha vyombo, runinga na watoto viko katika chumba kimoja chenye sakafu ngumu, na zulia kubwa na mapazia mazito yamesaidia kwa kiasi tu.

Kuhusu fedha na karatasi, mkataba ulikuwa wa dola 118,400, nasi tulilipa jumla ya dola 137,950, tofauti yote ikiwa ni yale mambo manne niliyoyataja, yaani asbesto, bomba la maji taka, feni na jiko la nyuma. Alituahidi wiki 15, akatumia 23, na wiki tano kati ya hizo zilipotea kwa kusubiri mlango wa kioo ulioletwa na vipimo visivyo sahihi, kosa lililokuwa la ofisi yake na ambalo lilituongezea kodi ya fleti. Malipo yalifuata hatua zilizopitishwa na mkaguzi, na kila tulipolipa alituletea hati za mafundi wake na wauzaji wa vifaa kwamba hawatudai.

Wasomaji wa Texas wayafahamu mambo mawili. Jimbo hili halitoi leseni kwa mkandarasi mkuu wa nyumba, bali kwa mafundi wa umeme, wa mabomba na wa viyoyozi, kwa hiyo anayejiita mkandarasi anaweza kuwa mtu yeyote, na leseni za hao wengine ndizo za kuomba na kuzihakiki. Tena, ili mkandarasi aweze kuiwekea dai nyumba mnayoishi, yaani kuishikilia kisheria kwa deni la kazi yake, mkataba lazima uwe umetiwa saini na mume na mke wote wawili kabla ya kazi kuanza na kusajiliwa kwa karani wa kaunti. Akikuleteeni karatasi za namna hiyo msishangae, lakini msizitie saini bila kuzisoma mstari kwa mstari.

Ningempa kazi tena? Kwa boriti, msingi, umeme na uaminifu wa fedha, ndiyo, bila kusita, na nyota nne kati ya tano ni haki yake. Nyota ya tano imebaki katika bomba ambalo halikutazamwa na katika jiko lililochorwa kabla mpishi hajaulizwa anapika nini.

Wiki iliyopita fundi mkuu alikuja kwa ukaguzi wa kabla ya dhamana kwisha. Alitengeneza kitasa cha kabati moja, akajaza ufa mwembamba juu ya mlango wa chumba cha watoto, akapima usawa wa sakafu na kukuta pembe ya kusini-magharibi haijashuka hata robo inchi tangu nguzo zilipowekwa. Kisha akatoa uzi mfukoni, akaukaza chini ya dari mahali pale pale, akapima katikati na kuniita nisome mwenyewe. Namba ilikuwa ile ya mwaka jana.